Kitanda Kisichopoa

Mtu akikuambia kuna boti ya matanga Ndara, nje ya mji wa Voi, mbali na bahari, utamuuliza amekunywa nini asubuhi hiyo. Lakini ilikuwepo, na Inspekta Carolyne Mwandawiro alikuwa amesimama chini yake akiitazama mpaka shingo ikamuuma. Ilikaa juu ya udongo mwekundu katika kiwanja cha Mzee Titus Nzau, imeegemezwa kwa vyuma na matairi makuukuu ya lori, na ng'ombe wa ranchi walikuwa wakipita kando yake bila kuishangaa tena. Ubavuni iliandikwa Syombua, jina la mama yake Nzau, aliyezaliwa siku ya mvua. Mvua yenyewe, pale Voi, ilikuwa imeshasahaulika hata harufu yake.

Carolyne hakuipenda boti hiyo. Yeye ni mtu wa Mbololo, mtu wa milima na mashamba, na mara moja tu maishani alipandishwa kwenye boti, katika safari ya shule, akatapika mbele ya mvulana aliyekuwa akimtaka. Lakini si hilo lililomkosesha raha leo. Boti hii iliondoka Sumatra, kule Indonesia, ikiwa na watu watatu, ikavuka bahari nzima, na ikafika Kilifi na watu wawili. Watatu hao walikuwa Nzau mwenyewe, nahodha mstaafu wa meli za mizigo; Muli, mpwa wake; na Oundo, fundi wa injini kutoka mtaa wa Kaloleni, pale pale Voi. Oundo ndiye hakufika.

Polisi wa pwani waliandika ajali: marehemu alianguka baharini alfajiri akiwa peke yake kwenye zamu, wenzake wamelala. Faili ikaletwa Voi kwa sababu mashahidi wote wawili ni wa Voi, na kwa sababu mke wa Oundo alikataa kutia sahihi. Mkuu wa Carolyne alitaka ifungwe leo. "Bahari haina shahidi, Carolyne," alimwambia. "Usijitafutie kazi."

Tatizo ni kwamba kabla ya kwenda Ndara alipitia Kaloleni. Nasambu, mke wa Oundo, alimpokea mlangoni na hakumkaribisha kiti.

"Kesho tunamuaga," alisema Nasambu. "Jeneza hakuna. Tutaweka picha yake kwa meza. Na Mzee Nzau ndiye atasoma maisha yake, ati kwa sababu ndiye alikuwa na yeye mwisho."

"Nimesikia, mama."

"Sasa madam, mimi sikuombi mengi. Kama aliteleza, nitalia kama wajane wengine na yaishe. Lakini kama aliangushwa, sitaki huyo mzee ashike maikrofoni mbele ya watoto wangu. Uniambie kabla ya kesho."

Carolyne akasema atamwambia. Njiani alijilaumu, maana ahadi kwa mjane ni deni zito kuliko mkopo wa benki, na hakuwa na kitu chochote mkononi cha kulilipa.

"Karibu, binti yangu. Karibu, kijana." Mzee Nzau aliwaita kutoka juu. Alikuwa mtu mrefu, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, shati limepigwa pasi kana kwamba ameitwa kanisani. Carolyne na Konstebo Owino walipanda ngazi ya mbao, mmoja nyuma ya mwingine, wakafika sitaha. Nzau alikuwa ameshaandaa trei yenye glasi nne za maji, kila moja imejaa hadi ukingoni.

"Maji kwanza, maswali baadaye," alisema. "Kwangu mtu hanyimwi maji."

Glasi iliyojaa, katika mji ambao mifereji yake hukohoa hewa wiki nzima, ni heshima kubwa. Owino alikata kiu kwa mkupuo mmoja. Muli, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye mabega ya mbeba magunia, alichukua glasi yake bila kuinua macho. Carolyne aliishika yake akaiacha mkononi.

Owino hakukawia. Alikuwa ameshaona kitu, na Owino akiona kitu uso wote husema. Kule tezini, nyuma ya usukani, chuma cha kizuizi kilikuwa kimechomelewa upya, na rangi yake ilikuwa mpya kuliko ya vyuma vingine.

"Mzee, hapa palivunjika lini?"

"Hapo?" Nzau alicheka kidogo. "Palipindwa Kilifi, tukiipakia kwa lori. Dereva alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mpigie, nambari yake ninayo."

Owino alishuka ngazi kwenda kupiga simu mahali penye mtandao. Aliporudi alikuwa amenywea. Dereva alikubali kila kitu, hata akaomba msamaha kwa polisi ambao hawakumdai chochote. Basi tumaini la kwanza likafa, na Nzau akaonekana msafi zaidi kuliko walivyomkuta. Carolyne alikasirika, lakini alijikaza kisabuni.

Alikuwa ameyasoma maelezo ya mashahidi hao wawili mara nyingi. Yalifanana mno. Muli alisema, "Nilimkabidhi Oundo usukani kwa mikono yangu nikaenda kulala." Nzau alisema, "Muli alimkabidhi Oundo usukani kwa mikono yake akaenda kulala." Watu wawili walioona jambo moja hugombana juu ya rangi ya shati. Hawa hawakugombana hata juu ya nukta. Kuwauliza tena habari za alfajiri ile kungekuwa sawa na kumwambia mtoto arudie shairi alilofunzwa.

"Mzee," alisema, "leo sitaki kusikia ajali. Nataka mnionyeshe siku moja tu ya kawaida. Mnaamka vipi, mnakula nini, mnalala wapi. Mimi sijui bahari."

Nzau alifurahi, maana hakuna mwalimu asiyempenda mwanafunzi mjinga. "Siku ya baharini haina asubuhi wala jioni," alianza. "Ina zamu. Watu watatu, mmoja daima yuko hapa kwenye usukani. Oundo, halafu mimi, halafu Muli, halafu Oundo tena. Zamu ikiisha, unagonga sitaha mara tatu, hapa, juu ya kichwa cha anayelala." Alipiga mbao kwa kisigino: ko, ko, ko. "Anaamka, anakuja, anashika. Mwenzako hajashika, wewe huachi. Hiyo ndiyo sheria."

Carolyne alimtazama Muli. Vishindo vitatu vile vilikuwa vimemshtua, na mguu wake ulikuwa umeshaelekea kwenye usukani kabla hajajizuia.

"Vizuri," alisema Carolyne. "Muli atanionyesha kule chini. Wewe Mzee ubaki hapa na konstebo."

"Nahodha haachi chombo chake kwa mgeni."

"Chombo hakiendi popote, Mzee."

Ndani kulikuwa na joto kama la jiko la makaa na harufu ya dizeli na vitunguu vilivyooza. Vumbi jekundu lilikuwa limeshaingia kila mahali, hata kwenye jiko dogo lililoning'inizwa kwa vyuma ili liyumbe pamoja na boti. Kila upande palikuwa na kitanda chembamba kama benchi la kanisa, chenye kitambaa kigumu pembeni cha kumzuia mtu asianguke. Carolyne akaketi kwenye ngazi fupi ya kuingilia, makusudi, ili Muli asiione sitaha wala sitaha isimwone Muli.

"Niambie mlivyopika," alisema.

Mwanzoni Muli alijibu kama mtu aliye kizimbani. Kisha ulimi ulilegea, maana mambo hayo hakuna aliyemfundisha ayasemeje.

"Ugali tulikuwa tunachanganya na maji ya bahari kidogo, inakuwa na chumvi yake tayari. Sahani tunaosha na maji ya bahari. Nguo hivyo hivyo. Zinakauka zinakuwa ngumu kama gunia, zinakukwaruza mpaka unatoka vidonda kwa makalio. Samehe, madam."

"Endelea. Nina ndugu, nimesikia mabaya zaidi."

Muli akatabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Kutembea ni kushikilia tu, mkono mmoja wa kazi, mwingine wa kujishika. Mchana Oundo anatengeneza injini, kila siku inaharibika. Ikikubali, tunacheza drafti na vizibo vya soda. Alikuwa ananishinda na ananicheka. Anasema nikifika Voi nitamlipa na mbuzi. Alikuwa mtu mzuri, madam."

"Najua. Na maji ya kunywa?"

Muli alikuna goti. "Tangi kubwa iliingia chumvi. Kuna bomba ilipasuka, tukajua tumechelewa. Ikabaki mitungi tu. Mjomba ndiye alikuwa anapima, nusu kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni. Midomo ilipasuka. Siku moja tukaona meli kubwa, karibu hivi. Oundo akasema tuite kwa redio watupe maji. Mjomba akakataa. Anasema yeye amekuwa nahodha maisha yake yote, haombi maji kama mtu ameharibikiwa na gari barabarani."

"Oundo alisemaje?"

"Alisema meli nyingine ikitokea, ataita yeye mwenyewe, mjomba apende asipende."

Juu ya vichwa vyao mbao zililia. Mtu alikuwa amehama mahali alipokuwa amesimama, na sasa alikuwa karibu zaidi na mlango. Carolyne hakugeuka, ila alitamani Owino awe na akili ya kumwekea mzee yule mazungumzo.

"Vitanda ni viwili," alisema kwa sauti ya kawaida. "Watu watatu. Chako kipi?"

"Hakuna cha mtu. Mmoja yuko nje kila saa, kwa hivyo viwili vinatosha. Yule anatoka, wewe unaingia pale ametoka." Muli alipapasa godoro la kushoto. "Hiyo ndiyo ilikuwa raha peke yake. Unatoka huko nje umelowa, upepo umekuingia kwa mifupa, unajitupa hapa na kitanda bado ni moto ya mwenzako. Oundo alikuwa anasema kitanda yetu haijawahi kupoa tangu Sumatra."

"Kila zamu?"

"Kila zamu, madam. Isipokuwa ile moja. Hiyo nilitetemeka, nikavaa hata..."

Akakatiza. Hakukatiza kama mtu aliyejikamata akisema uongo. Alikatiza kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko wazi.

Nje, mbali, honi ya gari-moshi la mizigo ililia ikielekea Mombasa, ikaisha.

"Ipi hiyo, Muli?"

"Ile ya mwisho," alisema taratibu. "Ile Oundo alipotea."

"Umeandika kwamba zamu yako ilipoisha ulimkabidhi Oundo usukani. Oundo alikuwa ametoka kitandani dakika hiyo. Wewe ukaingia hapo hapo alipotoka."

"Ndiyo."

"Na kitanda kilikuwa baridi."

Muli aliitazama mikono yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Carolyne aliona kwamba huyu si mwongo aliyefika mwisho wa njia yake. Ni mtu aliyepelekwa njia ya mwingine akiwa amefumbwa macho. Akapunguza sauti.

"Ulimwona Oundo akishika usukani?"

"Mjomba alikuja," Muli alisema. "Kabla sijagonga. Akasema, 'Oundo ameamka, yuko chooni, tumbo inamsumbua. Nenda ulale, mimi nitashika mpaka atoke.' Nilikuwa nimechoka, madam. Choo ni hapo, mlango ulikuwa umefungwa. Ndani hatuwashi taa, tunaokoa betri. Nikaingia kitandani. Asubuhi mjomba ndiye aliniamsha, anapiga nduru, Oundo hayuko."

"Na hayo ya kumkabidhi kwa mikono yako?"

"Mjomba alisema tuandike hivyo. Ati nahodha akionekana alikuwa macho, watasema hakuangalia mtu wake. Nikaona ni kitu kidogo tu."

"Kabla ya zamu yako nani alikuwa nje?"

"Mjomba."

"Na kabla ya mjomba?"

"Oundo. Oundo alimpokeza mjomba. Mimi nilikuwa nimelala upande ule mwingine. Mjomba akakaa zamu yake, akanigongea, mimi nikatoka, yeye akaingia kwa joto yangu."

"Na Oundo, wakati huo wote, alipaswa kuwa amelala wapi?"

Muli aliuondoa mkono wake kwenye godoro la kushoto, polepole.

Carolyne alihisi huzuni kavu kifuani, na hakuificha usoni. Zamu mbili nzima kitanda hicho kilikuwa kitupu. Oundo hakuanguka akiwa peke yake alfajiri. Aliondoka kwenye boti hii usiku ulipokuwa bado mchanga, pale alipompokeza Nzau usukani, na Muli alipokuja kuushika aliipeleka boti mbele akidhani analinda usingizi wa rafiki yake.

Lakini kitanda baridi ni neno la mtu mmoja. Wakili mzuri angelipeperusha kama makapi: alilala sakafuni, alikaa chooni, alikosa usingizi. Ilihitajika nguzo ya pili, na Carolyne alijua pa kuitafuta, kwa sababu amekulia mahali ambapo mama hupima maji kwa macho na kujua nani hayupo nyumbani.

"Muli, mlipofika Kilifi mlikuwa bado mnakunywa nusu kikombe?"

"Hapana. Tulikuwa tumeanza kunywa kizima."

"Tangu lini?"

"Tangu Oundo... Tangu tubaki wawili."

"Fikiria vizuri. Kikombe chako cha kwanza kilichojaa. Ulikinywea wapi?"

Alifumba macho. Midomo yake ilijongea kidogo, kama inakumbuka maji kabla ya kichwa kukumbuka. Alipofumbua, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nje," alisema. "Kwa usukani. Mjomba aliponigongea kuanza zamu, alikuwa amenishikia kikombe. Kilikuwa kimejaa. Nikamuuliza, na Oundo? Akasema, 'Kunywa, wewe ni damu yangu.' Nikafikiri amenipendelea tu. Nikanywa haraka, Oundo asijue. Nikanywa yote, madam. Niliona haya kwa sababu nilifikiri amelala hapa chini na kiu."

Nahodha alikuwa ameshagawa maji kwa watu wawili kabla mtu wa tatu hajasemekana kufa. Carolyne hakusema hivyo. Muli alikuwa ameshafika mwenyewe, na alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Ko, ko, ko.

Vishindo vitatu, juu kabisa ya vichwa vyao. Muli akainuka. Hakuamua kuinuka, miguu ilimbeba tu, kama ilivyombeba bahari nzima, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejua anaitiwa nini.

Carolyne alimwekea mkono begani akamrudisha kitandani. "Kaa. Ninaenda mimi."

Juu, jua la mchana lilimpiga usoni. Owino hakuwepo, sauti yake ilisikika chini upande wa lango, akizungumza tena kwa simu, na ngazi ya mbao ilikuwa imeegemezwa palepale. Mzee Nzau alikuwa amesimama karibu na mlango, shati halina hata kunjo. Ile trei ya kwanza alikuwa ameiondoa na kuleta nyingine.

"Mmekaa sana," alisema kwa upole. "Kule chini kunakausha koo. Kunywa maji, binti yangu."

Carolyne aliitazama trei. Glasi zilikuwa mbili.

"Ya Muli iko wapi, Mzee?"

Nzau aliitazama trei naye. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuhesabu kitu na kukosa jibu, na trei ikamwinamia upande mmoja hata maji yakamwagika kidogo kwenye mbao, yakanywewa papo hapo na vumbi.

"Atakunywa baadaye," alisema.

"Owino!" Carolyne aliita bila kumwondolea mzee macho. "Njoo na pingu." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile aliyokuwa ameulizia habari za ugali, "Kesho hutasoma pale Kaloleni, Mzee. Nitampigia Nasambu sasa hivi nimwambie."

Nzau hakukana. Aliweka trei chini, akachukua glasi moja akainywa polepole hadi tone la mwisho, kisha akachukua ile ya pili, akainywa yote vilevile.